Homa si Jina la Ugonjwa

Mazungumzo ya tabibu, yaliyoandaliwa kwa klabu za afya za shule za sekondari, Idodi, mkoa wa Iringa



Leo sitawafundisha ugonjwa mmoja. Nataka tuzungumze juu ya kazi inayofanyika kichwani mwa tabibu pale unapokaa mbele yake na kusema, "Daktari, nina homa," au "Tumbo linanisumbua." Wengi wanadhani tabibu akishasikia neno hilo moja anajua la kufanya: anafungua kabati, anahesabu vidonge, basi. Sivyo. Neno hilo ni mwanzo tu. Tena kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo tabibu hawezi kuifanya bila wewe. Ukiijua utajisaidia mwenyewe, na siku moja unaweza kuokoa maisha ya mwenzako bwenini.

Dalili na ugonjwa ni vitu viwili

Tuanze na jambo rahisi. Homa si ugonjwa. Kikohozi si ugonjwa. Kuumwa tumbo si ugonjwa. Hizo ni dalili, yaani mwili unapiga kelele kwamba kuna jambo.

Chukua mfano. Uko shambani, unaona vumbi linapanda kwa mbali barabarani. Unajua kuna kitu kinakuja. Lakini ni kitu gani? Labda ni basi la kutoka Iringa mjini. Labda ni gari la watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha, au lori la mpunga, au kundi la ng'ombe tu. Vumbi ni lile lile. Mwenye papara atabishana. Mwenye busara atasikiliza mlio, ataangalia vumbi lina ukubwa gani, atakumbuka sasa ni saa ngapi na basi hupita saa ngapi.

Tabibu naye hufanya hivyo hivyo. Ukimwambia "homa", anapanga kichwani orodha ya magonjwa yanayoweza kuleta homa kwa mtu kama wewe, mahali kama hapa, majira kama haya. Tuiite orodha ya watuhumiwa. Halafu anajiuliza maswali matatu:

1. Kati ya hawa, ni yupi anayeweza kuua haraka? Huyo achunguzwe kwanza, hata kama si wa kawaida.
2. Ni yupi anayeonekana mara nyingi hapa kwetu?
3. Nimuulize nini mgonjwa, nimguse wapi, nimpime kipimo gani, ili nimtoe huyu katika orodha na kumbakiza yule?

Umeona? Kazi ya tabibu si kubahatisha jina. Ni kupunguza orodha hatua kwa hatua mpaka abaki mmoja au wawili.

Kwani si malaria tu?

Kwa miaka mingi nchini Tanzania kila homa ilitibiwa kama malaria. Mazoea hayo yalikuwa na sababu zake. Malaria iliua watoto wengi, zahanati nyingi hazikuwa na darubini, na klorokwini ilikuwa rahisi kupatikana. Basi ikaonekana ni heri kumpa dawa asiye na malaria kuliko kumnyima mwenye nayo. Klorokwini iliachwa kutumika kama dawa ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na kuanzia mwaka 2006 tukaingia katika dawa mseto. Lakini mazoea ya kuita kila homa malaria hayakuachwa pamoja na klorokwini!

Sasa sikiliza hesabu hii. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Walipopimwa kwa makini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Ndiyo, 14! Wengine walikuwa na wadudu katika damu, homa ya mgunda, brusela, chikungunya, na magonjwa mengine ambayo hakuna aliyekuwa ameyafikiria. Dawa ya malaria isingewasaidia hata kidogo.

Watoto nao walichunguzwa mwaka 2008, Dar es Salaam na Ifakara. Kati ya watoto 1,005 waliokuja na homa, zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama 10 katika kila 100.

Usije ukanielewa vibaya. Sikusema malaria imekwisha. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa. Lakini mkoa ni mkubwa. Idodi iko bondeni, kuna joto kuliko Mufindi au Kilolo, na kuna mashamba ya mpunga yenye maji yaliyotuama. Mbu anapenda. Kwa hiyo ukipata homa, malaria ni mtuhumiwa halali. Kinachokatazwa ni kumhukumu kabla ya kumpima, wakati kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka baada ya muda mfupi.

Wanafunzi watatu, homa moja

Tuseme asubuhi moja wanafunzi watatu wa shule moja wanafika kituo cha afya. Wote wanasema maneno yale yale: "Nina homa, kichwa kinauma, sina nguvu, chakula hakipiti." Hebu tufanye kazi ya tabibu pamoja.

Wa kwanza anatoka Makete. Amefika shuleni siku tatu zilizopita. Mwenzake anasema, "Mbu wa Idodi wamemkaribisha!" Kweli? Mtu akiumwa na mbu mwenye vimelea, homa huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza, mara nyingi siku 10 hadi 15. Basi mbu wa Idodi hahusiki bado. Na Makete ni baridi, mbu wa malaria ni wachache. Je, tumtoe malaria katika orodha? Ngoja kwanza. Tabibu anauliza swali moja: "Likizo ulikuwa wapi?" Kijana anajibu, "Nilikuwa Kyela kwa mjomba, wiki mbili." Ulilala kwenye chandarua? "Hapana." Ahaa! Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni joto na malaria ipo. Anapimwa, vimelea vinaonekana, anapewa dawa mseto. Swali la "ulikuwa wapi" ndilo lililofungua njia.

Wa pili amepimwa malaria, hana. Lakini homa yake si ya jana. Ina wiki tatu sasa, inakuja na kuondoka. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Mgongo na viungo vinauma kama mzee. Ameshanunua dawa ya malaria dukani mara mbili. Tabibu anauliza: "Nyumbani mnafuga?" Ndiyo, ng'ombe na mbuzi. "Maziwa mnakunywaje?" Mabichi, ndiyo matamu. "Kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni?" Yupo, na kijana mwenyewe ndiye aliyesaidia kumtoa ndama aliyekufa, kwa mikono mitupu.

Hapo tabibu anamweka brusela juu ya orodha. Ugonjwa huu wafugaji wanaujua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo na majimaji ya mnyama aliyezaa au kuharibu mimba. Nao si hadithi ya mbali. Kuanzia mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifanya kazi hapa hapa kwetu, Idodi na Pawaga, katika mradi ulioitwa HALI. Walikuta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe katika mifugo na katika wanyama pori wa eneo la Ruaha. Brusela inatibika, lakini kwa dawa zaidi ya moja kwa muda wa wiki sita hivi. Vidonge vya siku tatu vya dukani vinaituliza tu, halafu inarudi.

Wa tatu ameanza jana jioni. Homa ni kali, kichwa kinapasuka, ametapika mara nne, mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Bwenini walisema, "Ni malaria hiyo, mpeni Panadol alale." Tabibu anamwambia aguse kifua kwa kidevu. Hawezi. Shingo imekakamaa kama ubao. Hapa tabibu hasubiri. Orodha ina mtuhumiwa anayeua kwa saa chache: homa ya uti wa mgongo. Mwanafunzi huyu anahitaji sindano ya dawa ya kuua bakteria mara moja na gari la kumpeleka hospitali, Tosamaganga au Iringa mjini. Na wenzake wa bwenini wafuatiliwe, kwa sababu baadhi ya aina za ugonjwa huu huambukiza penye msongamano.

Homa moja, magonjwa matatu, dawa tatu tofauti. Lau wote wangepewa dawa ya malaria, wa kwanza angepona, wa pili angeendelea kudhoofika, na wa tatu huenda tungemzika.

Orodha haikuishia hapo. Kuna nimonia, yenye kikohozi na kupumua haraka haraka. Kuna maambukizi ya njia ya mkojo, yale wanayoyaita UTI, yanayoweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta homa na maumivu ya ubavuni. Kuna taifodi. Kuna homa ya bonde la ufa, iliyozuka nchini mwaka 2007, ikaingia na mkoa wa Iringa, na Tanzania ikapoteza zaidi ya watu 100. Hiyo hutokea hasa baada ya mvua kubwa, mifugo mingi inapotupa mimba kwa pamoja. Sasa unaelewa kwa nini tabibu anakuuliza habari za ng'ombe wakati wewe umekuja kuumwa kichwa!

Hata taifa zima hufanya kazi hii

Mwezi Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walianza kuumwa homa, kichwa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani. Walikuwa wagonjwa 20, na 3 walifariki. Watu wakaanza kunong'ona mengi. Wataalamu hawakunong'ona. Walipanga orodha na kuanza na wauaji wa haraka: Ebola, Marburg, UVIKO-19. Sampuli zikapimwa. Ebola hapana, Marburg hapana, UVIKO hapana. Wakaendelea kupima mpaka wakampata: homa ya mgunda. Huu ni ugonjwa wa bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia mwilini kupitia maji au udongo wenye unyevu, hasa ukiwa na michubuko miguuni. Mkulima wa mpunga, unasikia? Dawa zake zipo.

Miezi minane baadaye, Machi 2023, watu mkoani Kagera, katika wilaya ya Bukoba, nao waliumwa homa, wakatapika, wakatokwa damu. Mtu angeweza kusema, "Aa, ni mgunda tena." Orodha ikapangwa upya, vipimo vikafanyika, na safari hii ilikuwa Marburg kweli. Wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Mlipuko ulidhibitiwa na kutangazwa kuisha mwezi Juni.

Dalili zilifanana, majibu hayakufanana. Ndiyo maana hatusemi, "Mwaka jana ilikuwa hivi, basi na mwaka huu ni hivi."

Tumbo: uliza wapi, lini, na limehama?

Tuje kwenye tumbo. Hapa vijana wengi hujitibu wenyewe: dawa ya minyoo, soda, mwarobaini. Mara nyingi tumbo huisha lenyewe, ni kweli. Lakini tumbo ni nyumba yenye vyumba vingi, na tabibu lazima ajue ni chumba gani kinaungua.

Maumivu juu ya kitovu, yanayochoma ukiwa na njaa au usiku, yanaelekea kwenye vidonda vya tumbo. Maumivu ya kukata yanayokuja na kuondoka pamoja na kuhara yanaelekea kwenye chakula au maji machafu. Maumivu yaliyoanzia kitovuni, kisha yakahamia chini upande wa kulia, hutaki kula, ukikohoa au kuruka yanazidi: hapo tabibu anafikiria kidole tumbo. Hicho hutakiwa kupasuliwa kabla hakijapasuka chenyewe. Usimpe mtu wa namna hiyo dawa ya kuharisha hata kidogo!

Kijana mwenye selimundu anaweza kuumwa tumbo na mifupa kwa pamoja. Na kijana anayekunywa maji bila kukata kiu, anakojoa kila mara, amekonda, na sasa anatapika na tumbo linauma, huenda ana kisukari. Kisukari si ugonjwa wa wazee na matajiri peke yao. Kijana wa namna hii akitibiwa malaria, anaweza kuzimia na asiamke. Kupima sukari ni tone moja la damu.

Sasa nazungumza na wasichana. Ukiumwa chini ya kitovu, tabibu atakuuliza: "Hedhi ya mwisho ulipata lini?" Usione anakuchunguza tabia. Kama hedhi imechelewa, kuna maumivu makali upande mmoja chini, matone ya damu na kizunguzungu, anaogopa jambo moja kubwa: mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Mrija ukipasuka, damu inavuja ndani ya tumbo bila kuonekana nje, na msichana anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ukimjibu, "Sijawahi kukutana na mvulana," na si kweli, umemtoa mtuhumiwa hatari kabisa katika orodha kwa mkono wako mwenyewe. Tabibu mwenye busara atakupima mkojo hata hivyo. Lakini dakika zinazopotea ni zako.

Na wavulana msicheke, zamu yenu imefika. Kuna kijana anayeamka usiku na maumivu makali ya ghafla, anatapika, anasema "tumbo". Kumbe maumivu yako kwenye korodani, ila ameona haya kusema. Korodani inaweza kujisokota na kukatiwa damu. Ikifunguliwa na daktari wa upasuaji ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze, mara nyingi hupona. Ukingoja mpaka kesho kwa sababu ya aibu, huenda ikabidi iondolewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno!

Na ukiona damu kwenye mkojo, usikubali wanaokuambia ni dalili ya kubalehe. Huenda ni kichocho ulichokipata kwenye maji ya mfereji au bwawa. Mkojo unapimwa, dawa hutolewa.

Kikohozi: hesabu siku

Kwa kikohozi, swali la kwanza ni "tangu lini?" Kikohozi cha siku tatu chenye mafua, mara nyingi ni virusi na kitaondoka. Kikohozi chenye homa, kupumua haraka na kifua kuchoma, ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Kikohozi cha usiku chenye kubanwa na kifua kupiga filimbi, kinachoamshwa na vumbi, baridi au moshi wa kuni, huenda ni pumu.

Kikohozi kikifika wiki mbili, usiendelee na dawa ya maji ya dukani. Nenda ukatoe makohozi yapimwe kifua kikuu, hasa kama unakonda, una homa za jioni na jasho la usiku. Matibabu ya kifua kikuu ni bure nchini kote, nayo huchukua miezi sita au zaidi kidogo. Utashauriwa kupima na virusi vya UKIMWI. Usikasirike. Magonjwa haya mawili hufuatana, na mikoa yetu ya Iringa, Njombe na Mbeya imekuwa na maambukizi ya VVU kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwa upimaji wa mwaka 2016 na 2017, Iringa ilikuwa na watu wazima 11 katika kila 100. Kupimwa ni kuiweka orodha sawa. Si kukushtaki.

Kipimo cha kwanza ni mdomo wako

Vijana, kuna jambo moja ninalotaka mwondoke nalo. Kipimo cha kwanza hakiko maabara. Ni maelezo yako. Maabara hupima kile tabibu alichokifikiria, na tabibu hufikiria kile ulichomwambia. Ukificha nusu, utapimwa nusu.

Tena usimpelekee tabibu jina la ugonjwa. Usiseme, "Nina malaria na taifodi, naomba dawa." Hapo unamfunga mawazo. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Kinaweza kuonyesha "ndiyo" kwa mtu ambaye hana taifodi sasa, kwa hiyo karatasi hiyo peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Mpelekee tabibu habari, si hukumu. Mwambie:

- Dalili ipi ilianza, siku gani, na ipi ikafuata.
- Ulikuwa wapi wiki tatu au nne zilizopita.
- Umekula nini, umekunywa maziwa gani, umeingia maji gani, umeshika mnyama gani.
- Nani mwingine anaumwa bwenini au nyumbani.
- Dawa zote ulizokwisha kumeza, za dukani na za kienyeji. Kama bibi alikuchemshia mizizi, sema tu. Tabibu hataki kumgombeza bibi, anataka kujua kilichomo mwilini mwako.
- Kwa msichana, hedhi ya mwisho. Kwa wote, kama umeshakutana kimwili na mtu, au kama kuna aliyekulazimisha. Katika miezi ya karibuni au siku za karibuni, sema. Aliyelazimishwa awahi ndani ya saa 72, kwani kuna dawa za kuzuia VVU zisiingie.

Najua unachofikiria. "Nitasemaje hayo mbele ya matroni? Mbele ya baba?" Una haki ya kusema, kwa adabu, "Shikamoo daktari. Naomba tuzungumze sisi wawili." Mzazi au mwalimu ataombwa asubiri nje. Mambo yako ya ugonjwa ni siri kati yako na anayekutibu, na maadili ya kazi yake yanamtaka ailinde.

Kabla hujatoka, muulize maswali mawili: "Inaweza kuwa ni ugonjwa gani mwingine?" na "Nikiona nini nirudi haraka?" Hayo si maswali ya utovu wa heshima. Orodha aliyoipanga tabibu hubaki wazi mpaka upone. Dawa isipofanya kazi kwa siku alizokuambia, rudi. Usihamie duka jingine.

Usingoje asubuhi

Ukiona mojawapo ya haya, kwako au kwa mwenzako, mwamshe mwalimu wa zamu usiku huo huo:

- Shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege au kuzimia.
- Kupumua kwa shida.
- Kutapika kila kitu, hata maji.
- Tumbo gumu kama ubao, au maumivu makali ya ghafla tumboni au kwenye korodani.
- Kutokwa damu kusiko kwa kawaida.
- Msichana aliyekosa hedhi, anaumwa chini ya tumbo na kuona kizunguzungu.

Usiseme "tuone mpaka asubuhi". Kutoka Idodi mpaka hospitali kubwa ni mwendo wa gari, na gari nalo linatafutwa. Saa moja unayoiokoa bwenini ndiyo saa ambayo daktari ataitumia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mjadala katika klabu

1. Rafiki yako ana homa. Kipimo cha malaria kimeonyesha hana, lakini anataka kwenda kununua dawa ya malaria. Utamwambia nini? Mtaje watuhumiwa wengine wanne wanaofaa kufikiriwa hapa Idodi.
2. Kwa nini tabibu humchunguza kwanza mtuhumiwa anayeua haraka, hata kama haonekani mara nyingi?
3. Wawili waigize: mmoja tabibu, mmoja mgonjwa wa tumbo. Tabibu auliza maswali matano tu. Wanaotazama waseme: ni swali lipi lilipunguza orodha zaidi? Na ni jibu lipi mgonjwa alilificha?

Haya vijana, kazi kwenu. Kaeni salama.